Pasi ya Maili Elfu Sitini

Walikutana kwenye foleni ya duka kubwa la vifaa vya nyumbani, siku ya mshahara, watu wamebanana hadi mlangoni. Fundi wa mapazia alikuwa amevaa gauni la maua ya njano, kipande cha chaki kimesahaulika sikioni, troli yake imejaa ndoano, reli na kitambaa cha zambarau. Nyuma yake alisimama kijana mwenye ovaroli ya bluu na macho ya uchokozi.

"Samahani dada, naomba nikulipie."

"Unilipie? Kwani nimekuomba?"

"Nalipa kwa kadi yangu, wewe unanipa pesa taslimu. Kadi inanipa maili za shirika la ndege. Zikitosha, napanda ndege bure."

"Bure? Kwani hiyo benki ni ya shangazi yako?"

Foleni nzima ikacheka, na kijana akacheka kuliko wote. Kicheko hicho ndicho kilichomponza fundi. Alimpa pesa, akampa na namba ya simu.

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Kazini walimwita Mzee wa Maili, ingawa ndevu zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Kwa miaka miwili, kila jora la kitambaa lililoingia dukani kwa fundi wa mapazia lilipita kwenye kadi yake. Kila adhuhuri kijana alimpigia simu kutoka ghorofa ya kumi.

"Laazizi, umenunua nini leo?"

"Uzi."

"Uzi tu? Utanichelewesha fungate, wewe!"

"Nikushonee mapazia ya hoteli nzima ndiyo uridhike?"

"Hapo sasa umesema!"

Viti viwili vya ndege, aliahidi, cha dirishani chako. Fundi hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Alimwamini mzima mzima, wala hakuona haya kuwaambia wateja.

Jumatatu moja kijana alikuja kumfungia reli dukani. Alikuwa ameshamwambia kwamba kampuni inampeleka kozi ya siku tatu mwisho wa wiki. Alipokuwa juu ya ngazi, simu yake ikawaka kwenye meza ya kukatia. Fundi akatupa jicho. Ulikuwa ujumbe wa shirika la ndege: kiti kimeshikiliwa, abiria mmoja, maili zitakatwa Jumatano.

Abiria mmoja! Damu ikamchemka mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hakupiga kelele, na hilo ndilo lingepaswa kumtisha yule bwana.

"Shuka mpenzi," alisema kwa sauti laini. "Reli imekaa sawa."

Alipoondoka tu, fundi akawasha kompyuta ya duka. Akaunti ya maili ya kijana aliifungua yeye mwenyewe, neno la siri alilijua. Shirika lilikuwa na duka lake, unabadilisha maili kwa bidhaa. Alitafuta biashara mbovu kuliko zote. Maili elfu sitini, miaka miwili ya mapazia ya watu, zilipata pasi moja ya mvuke na glasi sita. Akabonyeza. Anwani akaandika ofisi ya mafundi wa lifti, ipokelewe mbele ya wenzake wote, na kwenye nafasi ya ujumbe akaandika: "Panda hii." Siku hiyo alikula akashiba, akaosha sahani huku anaimba.

Alhamisi mlango ukasukumwa. Kijana aliingia na boksi kwapani, uso umemvimba kwa hasira.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua sana! Nanunua vitambaa miaka miwili, wewe unapanda peke yako uende kwa huyo anayekusubiri!"

"Anayenisubiri ni baba yako mdogo!"

Baba mdogo ndiye aliyemlea fundi tangu wazazi wake walipofariki, kabla hajahamia kwa mwanawe nchi ya mbali. Bila ridhaa yake hakuna ndoa. Fundi mwenyewe alishalisema hilo mara mia.

"Nilimpigia nikamwambia nakutaka. Akasema binti yake haombwi kwa simu, niende anione. Ni Jumamosi. Nisipofika, nisimpigie tena."

"Sasa kozi ya nini? Ulinidanganya kwa nini?"

"Nilitaka nirudi na jibu."

Fundi akalia kwa aibu na hasira. Kisha akajifuta uso kwa kipande cha pazia.

"Nauli ya kawaida ni shilingi ngapi?"

"Sijawahi kuuliza."

"Miaka miwili hujauliza?"

Akawapigia mawakala wa tiketi, akaweka sauti ya nje wote wasikie. Karani alipotaja bei, kijana alihesabu kwa vidole ada ya kadi ya kila mwaka na riba za kila alipochelewa kulipa. Akahesabu tena; zilizidi nauli. Akakaa juu ya jora.

"Kumbe ningeshakwenda."

"Ungeshakwenda, ukarudi, ukaoa, na mtoto angekuwa anatambaa hapa!" Akarudi kwenye simu. "Dada, nalipa mimi. Nipe kiti cha katikati."

"Vya dirishani vipo, dada."

"Katikati. Karibu na choo. Na nipe ile safari ya kubadilisha ndege mara mbili."

"Mpenzi!"

"Nyamaza. Umeniliza."

Kijana akamshika mkono, taratibu. "Bibi harusi anamlipia bwana nauli ya kwenda kumposa. Nitawaambia nini watu?"

"Waambie nilikaribia kukupoteza kwa pasi." Midomo ilimcheza, lakini tabasamu alilibana.

"Na tiketi ya kurudi?"

"Hiyo sijakata. Baba mdogo akikukataa, baki huko huko."