Kuumwa Njiani Kwenda Muktinath

Kila asubuhi Phulmati alikanda unga wa chapati, na mama mkwe wake, Bi Sonmati, alichambua mchele kando yake. Kijiji chao kiko India, kwenye tambarare, karibu na mpaka wa Nepali. Anga likiwa safi, milima huonekana mbali, myeupe kama chumvi. Bi Sonmati alikuwa akiitazama tangu alipoolewa. Sasa alikuwa mjane mwenye shinikizo la damu, na alitaka jambo moja tu: kufika hekalu la Muktinath, huko juu, kabla hajafa.

"Nitakupeleka, Mama," alisema mwanawe Ramashish, mume wa Phulmati. "Nepali ni kama uani kwetu. Hata viza hatudaiwi."

Kweli, viza hawakudaiwa. Lakini mpakani askari alitaka vitambulisho. Ramashish na Phulmati walitoa kadi zao za kupigia kura. Bi Sonmati alitoa kadi ya mgao wa nafaka.

"Hii haina picha," alisema askari. "Nitajuaje kuwa ni wewe?"

"Mwanangu huyu hapa. Muulize."

"Bibi, kila anayepita hapa ana wa kumsemea. Viza hamhitaji, kitambulisho mnahitaji. Rudini mkalete kadi yake ya kura, au pasipoti."

Walirudi nyumbani kuifuata. Walipovuka tena, likizo ya Ramashish kutoka kiwanda cha sukari ilikuwa imepungua.

"Tulipanga kulala njiani," alisema. "Sasa hatulali. Tutapanda moja kwa moja."

Katika mji wa Pokhara, ng'ambo ya mpaka, walikodi gari na dereva wake. Barabara ilikuwa nyembamba. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na chini kabisa mto ukinguruma. Phulmati alifumba macho kila walipopishana na lori. Kadiri walivyopanda, miti ilipungua, na upepo ukazidi.

Walipopumzika kunywa chai, Bi Sonmati alitapika nyuma ya gari.

"Kichwa kinapasuka," alimnong'oneza Phulmati. "Usimwambie mwanangu. Atageuza gari."

"Lakini Mama..."

"Nyamaza. Mkwe mwema hufunika ya nyumbani."

Phulmati alimfuta mdomo, akamrudisha garini.

Jioni walifika kijiji kilicho chini ya hekalu. Bi Sonmati alishuka, akapepesuka kama mlevi. Akamshika Phulmati mkono.

"Dada Lachmi," alisema, "umefunga ng'ombe?"

Lachmi alikuwa dada yake, aliyefariki zamani.

"Mume wangu," alimwambia Ramashish, "mama anaumwa tangu njiani. Alinikataza kusema."

"Amechoka tu. Akilala atapona."

"Hajachoka. Hanijui."

Dereva hakusubiri wamalize. Aliwapeleka zahanati. Muuguzi wa hapo, Sanumaya, alimwambia Bi Sonmati atembee kwa kufuata mstari wa sakafu. Hakuweza. Akamwekea oksijeni.

"Ni ugonjwa wa mwinuko," alisema. "Hewa ya huku ni nyepesi. Mwili unahitaji siku za kuizoea, nanyi mmempandisha kwa siku moja. Sasa ubongo unavimba."

"Mpe dawa," alisema Ramashish.

"Nitampa. Lakini tiba yenyewe ni kushuka. Sasa hivi."

Bi Sonmati alinyoosha kidole kuelekea hekaluni. "Niacheni. Nikifa, nife pale."

Ramashish alimtazama mama yake, akatazama mlima. "Labda tukilala tu, asubuhi tumpeleke mara moja..."

"Akilala hapa huenda asiamke," alisema Sanumaya.

Tangu aolewe, Phulmati hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya watu. Sasa alifunga shali lake.

"Mimi nashuka naye," alisema. "Wewe ukitaka kubaki, baki."

Walishuka wote kwa gari, na Sanumaya pia. Giza liliingia. Phulmati alikipakata kichwa cha mama mkwe akimwita. Mara alijibiwa, mara hakujibiwa. Kila kimya kilipozidi, aliweka mkono puani mwa mgonjwa kusikia kama anapumua.

Walipofika bondeni, kwenye hewa nzito na joto, Bi Sonmati alifumbua macho.

"Mkwe wangu," alisema, "mbona unanibana hivyo?"

Phulmati alilia hadi shali likalowa.

Asubuhi Bi Sonmati aliomba chai. Sanumaya alikaa nao kabla ya kurudi juu.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Kichwa kikiuma mlimani, sema. Usipande tena mpaka kipoe. Ukipepesuka, au ukihema ukiwa umekaa, shuka mara moja. Mkija tena, laleni bondeni, kisha katikati, mwili uzoee. Na wewe, Bibi, una shinikizo la damu. Daktari wako akupime kwanza."

"Tuje lini?" aliuliza Ramashish kwa sauti ndogo.

"Si wakati wa mvua. Barabara huporomoka."

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, walirudi. Daktari alikuwa amempima Bi Sonmati na kumruhusu. Kadi zote tatu za kura zilikuwa katika mfuko mmoja, shingoni mwa Ramashish. Walilala bondeni. Walilala tena kijiji cha katikati, na hapo Bi Sonmati alisema mbele ya wote, "Kichwa kinaniuma."

Ramashish alizima simu, kazini wasimpate. "Basi hatuendi," alisema. Wakakaa hadi maumivu yakaisha, kisha wakaendelea.

Kwenye ngazi za hekalu Phulmati bado aliogopa. Hakuitazama milima. Aliitazama miguu ya mama mkwe tu, ngazi baada ya ngazi. Ilikanyaga sawasawa. Juu, Bi Sonmati alipita chini ya mifereji ya ukutani inayomwaga maji matakatifu, akitetemeka kwa baridi, akiomba kwa sauti. Aliwaombea mwanawe, marehemu mumewe na dada yake Lachmi.

Halafu akamvuta Phulmati chini ya maji, akamtaja yeye pia.