Hoteli Zilizokufa na Mimi Niliye Hai

"Usinionyeshe ukuta, Ankit. Nionyeshe simu yako."

Ankit alikuwa ameinua kidole kuelekea duka la kubeti lililokuwa kwenye kona. Zamani, kabla ya mabango ya rangi rangi na vijana wanaokodolea skrini macho, hapo palikuwa Nyota Tea Room, hoteli ya baba yake, Mzee Girish. Kila Jumamosi Aloo alipofika Kisumu kutoka Bondo, ambako alifanya kazi kwenye duka la dawa, Ankit alimleta hapa kwanza. Ilikuwa kama desturi.

"Simu ya nini tena?" Ankit akauliza.

"Binamu yako ameniandikia. Alidhani najua."

Aloo akatoa simu yake na kuusoma ujumbe kwa sauti, watu wakipita:

"Aloo dada, tunafurahi sana Ankit anahamia huku Leicester. Najua mtammiss. Shangazi ameshamtayarishia chumba, na kuna familia moja yenye binti inataka kumwona."

Akaishusha simu.

"Viza ilitoka lini?"

Ankit akapangusa jasho shingoni.

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita! Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa ufuoni pale Dunga, ukinisimulia chipsi za Kulwant Corner na ile sosi yake nyekundu. Saa nzima, Ankit. Na viza ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia."

"Na hiyo familia inayotaka kukuona?"

"Hayo ni maneno ya shangazi. Mimi sijakubali kitu."

"Umekataa?"

Kama kawaida yake akibanwa, Ankit akageukia ule ukuta.

"Aloo, unakumbuka meza ya dirishani? Mama yako alikuwa anakutuma na thamosi uje ujaziwe chai ya tangawizi. Mimi nakuja nayo hadi kwenye kibanda chenu kule ziwani, napewa kipande cha samaki kwa siri. Halafu unanikamulia ndimu mikononi ili mama yangu asinuse..."

"Nakumbuka. Nakumbuka yote. Hoteli ya Nabututu na madondo yake, yale maharagwe, leo pameegeshwa magari. Kulwant, leo wanauza kava za simu. Kibanda chetu, leo ni uzio tu. Nimechoka kukumbuka, Ankit! Wewe unapenda hoteli zilizokufa kuliko mimi niliye hai."

Akasimamisha bodaboda. Ankit akamshika mkono. Aloo akautoa taratibu, bila kelele, na hapo Ankit ndipo alipoogopa kweli. Aloo wa kelele alimzoea.

Dakika chache baadaye simu ya Ankit ikalia mlio wa ujumbe.

"Nenda salama. Usinitafute."

Alipopiga, hakupatikana.

Jumapili ile Ankit hakutulia. Alitembea hadi Kibuye akarudi. Aliingia mahali akaagiza soda, akaiacha mezani ikiwa haijafunguliwa. Jumatatu, kwenye duka la spea alilokuwa ameajiriwa kule Mamboleo, alimuuzia mteja breki za gari lingine kabisa, na mteja akarudi akiwaka moto. Ilipofika saa ya chakula alivua koti la kazi, akamwambia mwenye duka anaumwa, akapanda tuktuk hadi Dunga.

Huko ndiko Mama Debra, mamake Aloo, alikuwa akikaanga samaki siku hizi. Kibanda kilikuwa kidogo, meza mbili, mabati ya kuazima. Watu waliomjua enzi za kibanda kikubwa kando ya ziwa, siku ambazo wateja walisimama wakingoja viti, walikuwa wanaona uchungu kumtazama.

"Habari ya mchana, Mama."

"Nzuri. Kaa." Akamtazama. "Hapana, usikae. Simama hapo nikuone vizuri."

Ankit akasimama.

"Mama, namtafuta Aloo."

"Ya nini? Si unaenda Ulaya?"

"Nataka kuongea naye."

"Ulikuwa na miaka ya kuongea naye." Mama Debra akamgeuza samaki, ngege mnene, kwenye mafuta, mafuta yakapiga kelele. "Lakini sikushangaa, nyathina, mwanangu. Uliyomfanyia Aloo ni yale yale baba yako alinifanyia mimi."

"Baba yangu? Alikufanyia nini?"

Mama Debra akamtazama kama mtu asiyeamini.

"Hujui?"

"Naapa sijui."

"Siku askari wa mji walipobomoa vibanda vyetu kule ziwani, nilitoka pale na sufuria zangu kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa baba yako. Kwa nini kwake? Kwa sababu tulikuwa marafiki. Mandazi yakimwishia, mimi nawakalisha wateja wake kwangu wamngoje. Samaki zikiniishia, yeye ananitumia chai niwatulize watu. Nikamwambia, Mzee, niazime baraza yako ya nyuma nipike, hata mwezi mmoja. Unajua alinijibu nini?"

Ankit akatikisa kichwa.

"Akasema, 'Mama Debra, samaki haiwezi kuingia hapa. Dini yetu hairuhusu.' Mbele ya wateja! Mimi ambaye nilijua kwao hawali nyama, nikasema nipike nje, nyuma kabisa, karibu na choo. Akageuka akaingia jikoni. Hakunitazama hata usoni."

"Mama, mimi nilikuwa chuoni..."

"Najua ulikuwa chuoni. Nenda zako. Na ukimwona Aloo barabarani, vuka upande wa pili."

Mzee Girish alikuwa sebuleni, amevaa sweta mchana wa joto, televisheni imezimwa. Tangu mkewe afariki na hoteli ifungwe, alikuwa akiamka alfajiri bado, kama mtu wa kuwasha jiko, kisha anakaa tu.

"Dikra, mbona mapema?" aliuliza. Ndivyo alivyomwita mwanawe tangu utoto.

"Papa, ulimfukuza Mama Debra?"

Mzee akakunja gazeti. Akalikunja tena.

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alikuja na sufuria kichwani ukamwambia habari ya dini. Papa, wewe ulikuwa unajua mimi nakula samaki kwake!"

"Nilijua. Mama yako pia alijua. Ile ndimu yenu ilikuwa inanuka kuliko samaki."

"Basi kwa nini?"

Mzee Girish akaliweka gazeti pembeni. Alipoanza kusema, alikuwa anaangalia sakafu.

"Asubuhi ya siku ile ile mwenye jengo alinipa notisi. Tuondoke, anataka kupangisha watu wengine. Nilikuwa na hiyo karatasi mfukoni wakati Mama Debra anaingia. Yeye anaomba baraza, na mimi sina baraza. Sina hata mlango."

"Ungemwambia hivyo!"

"Watu walikuwa wamejaa. Wote wananiita Mzee, Mzee. Nikaona aibu. Dini ikaja mdomoni kwanza, kwa sababu hiyo hakuna mtu angebishana nayo." Akavuta pumzi. "Niliwaambia nyinyi kwamba nimefunga kwa sababu nimechoka. Hata mama yako hakujua."

Ankit akakaa chini, kwenye zulia, kama mtoto.

"Na Leicester, Papa? Ilikuwa mawazo ya nani?"

"Yangu. Nilimwomba dada yangu. Sitaki uzeeke ukiuza spea za mtu mwingine katika mji ambao sisi hatuna tena hata kiti."

"Mimi sitaki kwenda."

"Hukuwahi kusema."

"Nasema leo. Na kuna jambo lingine. Nampenda Aloo. Si jambo la jana wala juzi."

Mzee Girish akainua macho kutoka sakafuni.

"Hilo nilijua kabla yako. Nilidhani wewe ndiye hujui." Kisha akainuka, akavua sweta. "Nipeleke Dunga."

"Sasa hivi?"

"Nikilala nitabadilisha mawazo. Najijua."

Kabla ya kuwasha gari kuukuu la baba yake, Ankit alimpigia shangazi yake. Maongezi hayakuwa marefu. Alisema haji, akasema samahani, akasema hapana, haji hata kutembea. Shangazi akapiga kelele hadi Mzee Girish akasikia kutoka kiti cha pembeni, akaichukua simu, akasema, "Mwache mtoto," akakata.

Mama Debra aliwaona wakishuka ufuoni. Akaweka kijiko chini, akajifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa vita.

"Mzee Girish. Umekuja kuniambia samaki inanuka?"

"Nimekuja kukwambia nilikudanganya."

Akamweleza yote, amesimama, wateja wakisikia. Notisi. Aibu. Jinsi alivyoingia jikoni na kusimama nyuma ya mlango mpaka aliposikia Mama Debra amekwenda. Mama Debra hakumkatiza hata mara moja. Samaki mmoja akaanza kuungua na hakuna aliyemgeuza.

"Miaka yote hii," hatimaye akasema, "nikienda mjini nazunguka mtaa mzima nisipite mbele yako. Kumbe hata wewe hukuwepo pale."

"Sikuwepo."

"Ungesema tu, Mzee."

"Niseme nini? Kwamba Girish aliyelisha mji huu hana mahali pa kuweka sufuria?"

"Ndiyo! Hivyo tu. Mimi pia sikuwa na mahali pa kuweka sufuria." Akamwopoa samaki aliyeungua. "Tungekaa barabarani wawili. Kuliko nilivyokaa peke yangu."

Mzee Girish akafunika macho kwa kiganja. Mama Debra akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga yake, akamsukumia akae. Baada ya muda Ankit akawasikia wakiulizana habari za fulani aliyekuwa akija na kijiko chake mwenyewe, na yule karani aliyekunywa vikombe vitano na kusema vitatu. Mama Debra alikuwa anacheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja. Akachukua simu.

"Aloo, uko wapi? ... Bado uko kwa dada yako? Njoo. ... Nimesema njoo! Kuna mzee hapa na kuna mjinga hapa."

Kumbe Aloo hakuwa amerudi Bondo. Aliomba ruhusa kazini, akajifungia kwa dada yake Debra, akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alifika kwa bodaboda, akashuka kabla haijasimama vizuri. Akamsalimia Mzee Girish kwa mikono miwili. Hakumsalimia Ankit.

"Aloo, siendi," Ankit akasema.

"Umeacha kwa ajili yangu? Basi nenda. Kesho mambo yakiharibika utanilaumu mimi."

"Siyo kwa ajili yako. Sitaki kwenda, na sikuwahi kutaka. Niliogopa kumwambia Papa hapana, na wewe nikaogopa kukwambia ndiyo."

"Mwezi mzima ulinificha."

"Nilikuficha."

"Mwezi mzima unanichekea usoni!"

"Ndiyo. Sina cha kujitetea."

Aloo akatembea hadi kwenye maji, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mvuvi mmoja aliyekuwa anatandaza omena akamwambia apunguze, anamkanyagia mali. Akamwomba radhi, akarudi mbele ya Ankit.

"Sijakusamehe."

"Nitangoja."

"Usingoje! Umengoja mpaka nimeota mizizi. Sema kitu, Ankit. Leo. Hapa."

Ankit akamgeukia Mama Debra, wateja wote wakaacha kutafuna.

"Mama, naomba kumuoa Aloo."

"Mimi ndiye unayenioa? Muulize mwenyewe."

Akamgeukia Aloo.

"Aloo, unioe. Yaani, nikuoe. Yaani..."

Watu wakacheka. Aloo alijaribu kukaza uso akashindwa.

"Tutaishi wapi?"

"Bondo. Nitakuja huko, nitatafuta kazi huko."

"Bondo huna hoteli hata moja ya kukumbuka."

"Najua. Ndiyo nataka."

Aloo akamtazama sana.

"Nitakuoa," akasema. "Lakini hasira zangu naolewa nazo. Usishangae nikikununia Jumatano bila sababu."

Mama Debra akapiga kigelegele, kisha akakumbuka kazi iliyo mbele, akamgeukia Mzee Girish.

"Sasa Mzee, tusijifanye hatujui. Marehemu baba yake Aloo ana ndugu. Hao watauliza habari ya ng'ombe."

Uso wa Mzee Girish ukabadilika.

"Ng'ombe? Mama Debra, ng'ombe sisi... Nitampelekaje ng'ombe mahali akachinjwe?"

"Kwani nani amekwambia mahari huchinjwa? Nitawakamua mimi. Nitawapa hata majina."

Mzee akafikiri.

"Nitakuwa nakuja kuwaona?"

"Uje hata kila wiki. Uje na sukari, maziwa yatakuwepo."

Walioana Desemba, mara mbili: kwa moto na maua mjini kwa desturi ya kina Ankit, kisha kanisani Bondo. Ng'ombe walikuwa wametangulia kufika bomani kwa Mama Debra, huko huko Bondo. Asubuhi ya harusi ya Bondo mmoja wao alizaa, na kanisa zima lilingoja, bibi harusi akizungukazunguka nje na shela mkononi, kwa sababu baba wa bwana harusi alikuwa zizini, suti imejaa matope, na alikuwa amekataa kutoka mpaka ndama asimame.