Ndiyo ya Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama. Fundi cherehani alianua shuka za mama mkwe wake kambani, akazitupia begani, akaingia ndani kumtandikia kabla giza halijaingia.

Tangu apate kiharusi, mama mkwe hakuwa na sauti. Alibakiwa na kichwa tu. Akikiinamisha, ndiyo. Akikitikisa huku na huku, hapana. Chai, dawa, msalani, yote yalipita kwa kichwa hicho.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Fundi akachungulia... akasita.

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Akatulia, kama mtu anayesikiliza. Akakitikisa. Akatulia tena.

Wifi huyo! Fundi akawaza. Kapitia mlango wa uani, kaja kumhoji mama habari zangu. Wifi yake kwa umbeya alikuwa hana mpinzani. Akausukuma mlango kwa nguvu ili amfumanie.

Hakukuwa na mtu.

Kiti tu, kando ya kabati. Na harufu... kama ya nywele zilizoungua.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu humu?"

Kichwa kikainama.

Shuka zikamponyoka.

"Unamjua?"

Hapana.

"Amekufuata wewe?"

Hapana.

"Amemfuata mwanao?"

Hapana.

"Basi... mimi?"

Mama mkwe alimtazama usoni, kisha macho yake yakashuka taratibu, yakatua tumboni. Mimba ya miezi miwili. Fundi hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

"Anamtaka huyu?"

Kiti kikalia kwaa, kama vile mtu kainuka. Mama mkwe akageuza macho kulekule kitini. Akainamisha kichwa.

Mara moja. Polepole.

"Umenijibu mimi, mama, au umemkubalia yeye?" Fundi alimshika mabega. "Mama!"

Swali hilo halikuwa la ndiyo wala hapana. Machozi yalimtiririka mama mkwe, kichwa kimetulia tuli. Wiki iliyofuata walimzika.

Mtoto alizaliwa salama, mnene, mcheshi, kipenzi cha shangazi yake. Watu humwambia fundi amshukuru Mungu. Anamshukuru. Lakini mwaka wa pili huu anashonea chumbani kwa mtoto, mlango wazi, na hajamwacha peke yake hata dakika moja. Mumewe akimuuliza anaogopa nini, humjibu kwamba kule sebuleni mwanga ni hafifu.