Wako Wapi Wenzako, Uzi?

Sebuleni kwa akina Aikande, mjini Moshi, kuna tangi la kioo. Ndani yake kuna maji safi na mimea ya kijani.

Mimea hiyo aliipanda Babu, mche kwa mche, kwa mikono yake.

Bulu, bulu, bulu. Mapovu hupanda juu mchana kutwa.

Babu alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi. Nyumba ilijaa watu. Umeme ulikatika siku mbili, na hakuna aliyekumbuka tangi.

Bila umeme wa kuyapasha joto, maji yakapoa. Samaki wa Babu wakafa, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja anaitwa Uzi. Ni mdogo kuliko kidole cha Aikande. Mkia wake ni mwekundu. Ubavuni ana mstari wa buluu, mwembamba kama uzi.

"Huyu ndiye samaki wa mwisho wa Babu," alisema Mama. "Tumtunze."

Lakini Uzi alijificha nyuma ya jani. Chakula kilielea. Chakula kikazama. Uzi hakula.

Aikande akaweka pua yake kwenye kioo. Akauliza kwa sauti ndogo:

*Wako wapi wenzako, Uzi?*
*Wako wapi wenzako?*

"Ni mgonjwa huyo," alisema Elisante, kaka yake.

"Umejuaje?" aliuliza Aikande.

"Najua tu!"

"Najua tu si jibu."

"Haya, hakimu," alisema Elisante. "Wewe unasemaje?"

Aikande akatazama. Akatazama sana. "Anaumwa au haumwi, sijui," alisema. "Lakini yuko peke yake. Hilo naliona."

Jumamosi, Mama aliwapeleka kwenye duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka ni Bwana Msuya.

"Shikamoo, mjomba," walisema watoto.

"Marahaba, wanangu. Leo tunataka nini?"

"Rafiki wa samaki wetu," alisema Aikande.

"Huyu!" Elisante alipaza sauti. "Huyu mwekundu! Mwone, kama pilipili!"

"Huyo ni mpole," alisema Bwana Msuya. "Hang'ati wenzake. Wala hali mimea."

Samaki mwekundu alikuwa mzuri kweli. Aikande akasahau kuuliza zaidi.

Nyumbani, Mama aliuweka mfuko wenye samaki huyo juu ya maji ya tangi, ukaelea. Hivyo ndivyo Babu alivyofanya siku zote. Maji ya mfukoni lazima yapate joto la maji ya tangini, ndipo samaki atoke.

Wakasubiri. Bulu, bulu, bulu.

Mwekundu akatoka. Hakumng'ata Uzi. Hakula mimea. Yote aliyosema Bwana Msuya yalikuwa kweli.

Lakini Mwekundu alikwenda nyuma ya jiwe, akakaa huko.

Mmoja nyuma ya jani. Mmoja nyuma ya jiwe. Chakula kikazama, na hakuna aliyekula.

"Sasa tuna samaki wawili walio peke yao," alisema Aikande.

Elisante hakucheka.

Siku ya pili, Uzi hakula. Siku ya tatu, Uzi hakula. Mstari wake wa buluu ulianza kufifia.

"Mama, Uzi atakufa?"

Mama alikaa sakafuni, karibu na Aikande. "Sijui, mwanangu. Sitakudanganya."

*Wako wapi wenzako, Uzi?*
*Wako wapi wenzako?*

Juu ya tangi, ukutani, kulikuwa na picha ya Babu. Katika picha hiyo Babu anacheka. Kila mgeni aliyekuja msibani aliutazama uso wa Babu, akafuta machozi.

Aikande naye alimtazama Babu. Kisha akatazama, mle pichani, nyuma ya bega la Babu.

"Mama! Nyuma ya Babu kuna tangi!"

Mama akaitungua picha. Aikande akahesabu kwa kidole.

Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Sita. Saba. Wanane. Tisa. Kumi.

Samaki kumi. Wote wana mstari wa buluu. Wote wametazama upande mmoja.

"Uzi anataka wengi," alisema Aikande polepole. "Tena wa aina yake."

"Labda walikuwa pamoja siku hiyo tu," alisema Elisante. "Picha ni moja."

Aikande akafikiri. Kaka yake alisema kweli. Picha ni moja tu.

"Basi twende dukani tena," alisema. "Safari hii tutazame kwanza."

Wakarudi dukani. Mwekundu alikuwa ndani ya mfuko, mapajani mwa Aikande.

"Naweza kutazama kwanza, mjomba?"

"Tazama, mwanangu. Kutazama hakuna haraka."

Kulikuwa na samaki wa dhahabu, mnene, mwenye mashavu. "Huyu basi!" alisema Elisante. Bwana Msuya akatia jani majini.

Nyam! Nyam! Jani likaisha.

"Hapana," alisema Aikande. "Atakula mimea ya Babu."

Kulikuwa na samaki wenye milia myeusi, wepesi kama watoto wanaokimbizana. "Hawa je? Hawa wako wengi," alisema Elisante. Aikande akatazama. Mmoja akaufuata mkia wa jirani.

Chwa! Akaung'ata.

"Hapana," alisema Elisante mwenyewe. "Nimeona."

Kwenye kona kulikuwa na tangi lenye samaki wadogo. Mikia yao ilikuwa myekundu. Kila mmoja alikuwa na mstari wa buluu.

Walikwenda kulia, wote. Wakageuka, wote. Wakaenda kushoto, wote.

Aikande akatazama mara moja. Akatazama mara ya pili. Akatazama mara ya tatu. Kila mara walikwenda pamoja.

"Hawa hutembea kwa kundi," alisema Bwana Msuya. "Mmoja akiwa peke yake, huogopa."

"Mbona hukutuambia?" aliuliza Elisante.

"We Elisante!" alisema Mama.

"Mwache, mama. Ameuliza vizuri," alisema Bwana Msuya. "Nyinyi hamkuniambia samaki wenu ni wa aina gani. Mimi nami sikuuliza. Tumekosea sote."

Kisha akauchukua mfuko wa Mwekundu. Akaupeleka kwenye tangi la samaki wekundu, akauacha uelee.

Mwekundu alipotoka, hakutafuta jiwe. Aliingia katikati ya wenzake. Punde Aikande hakuweza kumtofautisha.

"Kwaheri, Pilipili," alisema Elisante, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakarudi nyumbani na samaki tisa wenye mstari wa buluu.

Mfuko ukaelea. Aikande akasubiri. Elisante akasubiri. Mama akasubiri.

Bulu, bulu, bulu.

Mfuko ukafunguliwa. Mmoja akatoka, kisha wawili, kisha wote. Wakasimama katikati ya mimea ya Babu, wamebanana.

Uzi hakusogea.

*Hawa hapa wenzako, Uzi,* alinong'ona Aikande.
*Hawa hapa wenzako.*

Jani likatikisika. Pua ndogo ikachungulia. Uzi akaja kidogo. Akasimama. Akaja kidogo tena.

Kundi likageuka kulia. Uzi akageuka kulia.

Kundi likageuka kushoto. Uzi akageuka kushoto.

Mama akanyunyiza chakula, kidogo sana. Kikaelea. Kikaanza kuzama.

Tup! Uzi akakidaka.

Mama alifuta macho kwa ncha ya khanga yake.

"Amefurahi," alisema Elisante.

"Umejuaje?" aliuliza Aikande.

Elisante akafikiri. "Kwa kweli, sijui kama amefurahi. Lakini amekula. Hilo nimeliona."

"Nami nimeliona," alisema Aikande.

Jioni, Mama aliirudisha picha ya Babu ukutani. Nyuma ya bega lake, samaki kumi. Chini yake, tangini, samaki kumi.

Aikande akahesabu mara moja zaidi, kwa uhakika. Kisha akapiga miayo.

Mama akazima taa ya tangi, akambeba hadi kitandani.

"Usiku mwema, Babu," alisema Aikande. "Wako kumi."

Na gizani, kati ya majani aliyoyapanda Babu, mapovu yakaendelea kupanda.

Bulu.
Bulu.
Bulu.