Baba Anayezuia Kicheko

Nyumbani kwa akina Khatri, ghorofa ya pili mjini Kasugai, Japani, siku za wiki zilijulikana kwa takataka. Jumanne na Ijumaa zilikuwa za takataka za kuchoma. Jumatano ilikuwa ya plastiki. Aliyethubutu kuchanganya alikabidhiwa kwa Bi Kuramochi, mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu ambaye kila asubuhi alisimama kando ya wavu wa kuzuia kunguru wasichakure mifuko, kama jenerali anayekagua gwaride.

"Mama Binisha," alikuwa akisema huku akiinua mfuko kwenye mwanga, "hiki kifuniko ni plastiki. Leo ni Ijumaa."

"Samahani," Mama alikuwa akijibu, akiinama. Kati ya maneno yote ya Kijapani, hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi, kwa sababu ndilo lililopata mazoezi.

Binisha, mwenye umri wa miaka kumi na tatu, ndiye aliyekuwa mkalimani wa familia. Barua ya shule, barua ya maji, barua ya bima, zote zilipita kwake kabla ya kuwafikia wazazi. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, ila kilikuwa na heshima, na Binisha alikivaa kwa majivuno makubwa.

Baba yake, Tikaram, alikuwa mpishi katika mkahawa wa vyakula vya Nepali karibu na kituo cha treni cha Kasugai. Kila Jumatatu, mkahawa ukiwa umefungwa, alimsubiri binti yake atoke shuleni, wakapanda treni hadi kituo wasichowahi kushukia. Huko hawakuwa na shida na mtu. Walitafuta meza ndogo yenye muhuri wa kituo, ule unaowekwa kwa ajili ya wasafiri, wakaugonga kwenye daftari la Baba, wakala maandazi ya maharage matamu, wakarudi.

"Nchi hii hata furaha ina muhuri," Baba alipenda kusema. "Ofisini unagongewa ukitetemeka. Hapa unagonga mwenyewe."

Baba alikuwa na tatizo moja lisilo na dawa: aliogopa kamera. Mbele ya kamera, mtu huyu aliyeimba akimenya vitunguu aligeuka jiwe. Katika picha zote za nyumbani, za arusi na za sikukuu, alionekana kama shahidi mahakamani.

Picha moja tu ilikuwa tofauti, nayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa mali ya serikali.

Ilikuwa picha ya kadi yake ya ukaazi. Mwaka uliotangulia walikwenda wote wawili kwenye kibanda cha kujipigia picha. Masharti yalibandikwa humo ndani: usicheke, usiinamishe kichwa, usivae kofia. Baba aliketi, akakaza uso. Hapo Binisha akaingiza kichwa chini ya pazia, nje ya macho ya kamera, akamwigiza Bi Kuramochi aliyekuta kifuniko kwenye takataka za kuchoma. Taa ikawaka. Picha ilipotoka, mashavu ya Baba yalikuwa yamevimba, midomo imebanwa, macho yamejaa machozi ya kicheko kisichoruhusiwa na sheria.

"Umeniponza, wewe," Baba alisema. "Wataikataa."

Hawakuikataa. Kwa miaka mitatu ijayo, serikali ya Japani ilikuwa tayari kumtambua Tikaram Khatri kama mtu aliyekaribia kupasuka.

Hakuitumia miaka hiyo mitatu. Februari iliyofuata alianguka jikoni kazini, sufuria ya dengu ikiwa bado motoni. Moyo wake ulisimama kabla gari la wagonjwa halijafika.

Baada ya kuchomwa mwili, Baba Mdogo Yamlal, mdogo wake marehemu, alinyoa nywele, akajifunga nguo nyeupe, akakaa sebuleni kwenye mkeka akila mlo mmoja kwa siku usio na chumvi. Mama naye alivaa nyeupe, hakutoka nje. Ndugu hawakuwagusa. Kwa desturi yao msiba hukaa siku kumi na tatu. Kwa sheria ya nchi, ofisi ya uhamiaji husubiri siku kumi na nne. Kati ya mila na serikali ilibaki siku moja, nayo ilikuwa Ijumaa.

"Shemeji, sikiliza," Baba Mdogo alimwambia Mama tangu mwanzo. "Wewe kibali chako kimeshikamana na cha Kaka. Ijumaa tunakwenda kutoa taarifa ya kifo, tunarudisha kadi yake, halafu tunaomba kibali kipya kwa jina lako, mtoto amalize shule. Tukichelewa, au kadi isionekane, watatuuliza maswali. Mimi sitaki maswali. Tunaweza kujikuta tumerudishwa kwetu Baglung, Nepali, na mtoto hata kuandika Kinepali hajui vizuri."

Binisha, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alisikia neno moja tu katika maneno hayo yote: tunarudisha.

Kesho yake kadi ilikuwa imehama kutoka pochi ya Baba hadi kwenye kifuko cha pasi ya treni ya Binisha, kilichoning'inia kwenye begi lake la shule. Ilikaa nyuma ya pasi, saizi ileile, kana kwamba ilitengenezewa humo. Aliporudi shule baada ya siku chache, alikwenda na Baba darasani na kurudi naye. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akikivuta kifuko na kuchungulia.

Rafiki yake Sonoka alimfuma. "Huyo nani? Mbona kama kabanwa na haja?"

Binisha alicheka kabla hajajizuia. Kisha kicheko kikageuka kilio, akainamia meza, Sonoka akabaki ameshika vijiti vyake vya kulia hewani.

"Jamani, nisamehe. Ni baba yako, sio? Sikujua." Akaviweka vijiti chini. "Lakini kadi ya hivyo si huwa wanaitaka?"

"Nimeachiwa," Binisha alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulifuata Jumatano, Baba Mdogo alipomwaga vitu vya pochi mkekani.

"Kadi ya Kaka iko wapi? Binisha, umeiona?"

"Sijaiona, Baba Mdogo."

"Mkalimani mzima hujui kadi iko wapi?"

"Sijui. Labda iko kwenye nguo zake."

Alilitupa neno hilo jinsi mtu anavyotupa ganda la chungwa, bila kuangalia limeangukia wapi. Mama alikuwa mlangoni, akalisikia. Alhamisi msiba ulipokwisha, nguo za Baba zilitolewa kabatini kama desturi inavyotaka: aproni, soksi, koti la baridi, suruali za kazini. Zikafungwa kwenye mifuko mitatu ya takataka za kuchoma. Mama alipekua kila mfuko wa kila nguo, na hakupata kitu. Baba Mdogo alipekua pochi, droo, chini ya magodoro. Binisha alisaidia kutafuta. Alitafuta kwa bidii ya kuridhisha, hata nyuma ya friji.

Ijumaa asubuhi Baba Mdogo aliitoa mifuko nje, akapanda kuoga ili waende ofisini bila kadi, liwalo na liwe. Binisha alikuwa anafunga viatu mlangoni pale Mama alipopiga ukelele jikoni.

"Bitana! Koti lake lilikuwa limechanika bitana! Vitu vilikuwa vinaingia ndani!"

Akatoka mbio na ndala, sari nyeupe ikiburuzika kwenye ngazi. Tangu kifo kile hakuwa amekanyaga nje.

Binisha alimfuata hadi katikati ya ngazi, akaishia hapo. Chini, Mama alikuwa amekwisha kuufunua wavu wa kunguru, amepiga magoti kwenye lami yenye baridi, anafungua mifuko. Haikuwa ya kwao tu. Mifuko ya mtaa mzima inafanana, naye hakujua upi ni upi. Maganda ya mayai, majani ya chai, nepi, vyote vilimwagika kwenye nguo nyeupe ya msiba. Mwisho wa barabara, gari la takataka lilikuwa limekata kona.

"Mama Binisha!" Bi Kuramochi alikuja akikimbia na ufagio wake. "Mifuko haifunguliwi hapa! Kunguru watakuja! Unafanya nini?"

"Samahani. Samahani." Mama hakuacha kupekua. "Kadi. Ya mume. Kesho hapana. Leo. Samahani."

Bi Kuramochi alisimama. Aliitazama sari, akalitazama koti la kiume lililochungulia kwenye mfuko. Kisha jenerali akaweka ufagio chini, akavaa glavu, akapiga magoti upande wa pili.

"Wewe angalia hiyo. Mimi naangalia hii."

Gari likasimama. Kijana mmoja akaruka chini, akanyoosha mkono kuuchukua mfuko.

"Usiguse!" Bi Kuramochi alimfokea. "Mtasubiri."

"Bibi, tuna ratiba..."

"Hiyo ratiba niliipitisha mimi. Subiri!"

Mama alikuwa amelipata koti. Alichana bitana kwa meno. Ndani mlikuwa na tiketi kuukuu ya treni na punje za bizari, basi. Alilikung'uta, akalikung'uta tena, kisha akalikumbatia na kumwinamia yule kijana wa gari, akaomba samahani, akamwinamia Bi Kuramochi, akaomba samahani, akaiinamia hata mifuko.

Binisha hakukumbuka baadaye alivyozimaliza ngazi zile. Alijikuta amesimama mbele ya mama yake, kifuko kimekatika kwenye begi, mkono umenyooshwa.

"Mama, ninayo. Ninayo mimi. Niliichukua mimi."

Injini ya gari ilionekana kunguruma kwa adabu. Mama aliipokea kadi kwa mkono wenye majani ya chai. Akatazama picha. Ikamtazama, imevimba mashavu, imebana midomo. Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kwanza tangu siku ile ya dengu, na kilipoishia kilio kilianza, wakalia wote wawili wameketi kwenye lami, kati ya takataka za mtaa mzima.

Bi Kuramochi aliinama akachungulia juu ya bega. "Hii picha waliikubalije?" alinong'ona.

"Alikuwa anakucheka wewe," Binisha alijibu kwa kwikwi. Siku hiyo alikuwa ameishiwa uongo. "Nilikuwa nakuigiza."

Bi Kuramochi alijinyoosha. "Nilikuwa naonekanaje?"

Binisha, kamasi zikimtoka, akainua mfuko wa kufikirika kwenye mwanga, akaukunjia uso. Kijana wa gari akageuka haraka kutazama upande mwingine.

"Sifanyi hivyo," Bi Kuramochi alisema, akafuta macho kwa upande safi wa glavu. "Sasa fungeni hii mifuko vizuri. Mimi nitafagia. Nyinyi nendeni, ofisi haiwangoji."

Baba Mdogo alipewa habari ndani ya treni. Akamtazama Mama, kisha akazipanga upya karatasi za maombi.

Walifika ofisi ya uhamiaji ya Nagoya foleni ikiwa imeshajaa. Namba yao ilipoitwa ilikuwa mchana. Karani alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya chini. Binisha alitafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza, kazi aliyoiona ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Taarifa ya kifo ikapokelewa. Maombi ya Mama yakapokelewa, pamoja na barua ya shule na ya mwenye mkahawa aliyekubali kumwajiri. Muhuri ukagongwa: yamefika kwa wakati.

"Na kadi ya marehemu," karani alisema.

Binisha aliisukuma kwenye kaunta. Kidole chake kilikataa kuiachia.

"Ni picha yake pekee anayocheka," alisema. "Yaani, anayotaka kucheka. Niliificha. Mama hana kosa, kosa ni langu. Hamwezi kutuachia?"

Karani aliichukua, akaitazama kwa mara ya kwanza. Akabana midomo. Mashavu yakamvimba kidogo. Kwa sekunde kadhaa walikuwa wawili wanaofanana, mmoja kwenye kadi na mmoja nyuma ya miwani. Kisha akakohoa, akainuka, akaenda kuzungumza na mkubwa wake.

Alirudi na panchi ya kutobolea karatasi. Aliiweka juu ya kadi, na Binisha akafumba macho. Karani akaisogeza. Akaisogeza tena, mpaka pembeni kabisa, juu ya ile tarehe ya mwisho ambayo Baba hakuifikia. Panchi ikalia.

"Haitumiki tena," alisema, akiirudisha kwa mikono miwili. "Poleni kwa msiba."

Kituoni Mama alisimama ghafla. Karibu na geti palikuwa na meza ndogo yenye muhuri. Baba hakuwahi kuugonga wa kituo hiki. Alisema humu watu hupita kwa shida tu. Mama akalitoa daftari kwenye mkoba wake. Binisha hakujua kwamba alikuwa amelihifadhi humo siku zote zile.

"Mama nawe ulichukua?"

"Daftari halidaiwi na mtu." Mama alilifungua ukurasa mtupu, akaugonga muhuri. Ukatoka umepinda. Akapuliza wino ukauke, kisha akasema bila kumtazama:

"Ulidhani ukiificha atabaki. Nakuelewa. Hata mimi shati lake moja sikulitia kwenye mfuko. Lakini wewe ulinitazama natafuta, ukasema hujui. Mwanangu, tumebaki wawili. Ukisema uongo nyumba yenye watu wawili, anayedanganywa ni nusu ya nyumba. Siku nyingine huzuni ikikulemea, niletee mkononi. Usiniache nikaitafute kwenye takataka."

"Sitarudia, Mama."

"Haya. Shika daftari."

Baba Mdogo alikuja na maandazi matatu ya maharage matamu. Aliyagawa, akasita, akarudi dukani kununua la nne.