Waliosimama Badala ya Wengine

Gauni lilikuwa la Martina, na kila aliyeliona mwilini mwa Mageni alijua hivyo bila kuambiwa. Rangi yake ya zambarau ilipendeza, lakini kifua kilipwaya, kiuno kilishuka hadi nyongani, na pindo lilifagia vumbi la baraza. Ilikuwa Ijumaa mchana, Geita mjini, na duka la vitambaa la Bhanumati lilijaa watu wa harusi za Jumamosi: wanaotafuta vitenge vya sare, wanaolalamika kwamba sare zimekwisha, wanaorekebishiwa nguo hapo hapo barazani huku fundi akiwa na pini mdomoni. Mageni alikuwa ametoka Shinyanga alfajiri na miguu ilimuuma. Alisimama juu ya stuli kama alivyoelekezwa.

Martina ndiye aliyekuwa awe matroni wa bibi harusi, Loveness. Wiki hiyo hiyo alipata kazi Dodoma, akaondoka. Loveness akampigia simu Mageni, waliyesoma naye chuo, akilia kwikwi. Mageni akasema sawa, kwa sababu maishani mwake hakuwa na mazoea ya kujibu vingine.

"Hilo gauni limekukosea nini, dada?" sauti iliuliza kutoka stuli ya pili. "Mbona unalitazama kwa hasira?"

Mageni aligeuka. Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo, na mikono ya koti lake la suti ilimfika kwenye ncha za vidole. Mageni hakuweza kujizuia, akacheka.

"Jitazame wewe kwanza. Mwenye koti hilo bado yumo ndani?"

"Ni la Chacha. Likizo yake imekataliwa mgodini, nimeambiwa nisimamie badala yake."

"Harusi ya Luka na Loveness?"

"Hiyo hiyo."

"Basi mimi ndiye matroni wako. Badala ya Martina."

Uso wa kijana ulipoa kidogo, lakini Mageni hakulitia maanani. Kijana akajitambulisha: Magesa. Bhanumati, aliyekuwa akipima kitambaa mezani kwake, aliwatazama wote wawili juu ya miwani. Alisema nguo ya mtu mwingine haikai mwilini, inavumilia tu, kisha akamwagiza fundi apunguze kwa nyuma.

Kesho yake nguo zikavumilia. Mshereheshaji aliyashika majina ya zamani na hakuna aliyemsahihisha, kwa hiyo usiku kucha aliwaita Chacha na Martina: Chacha na Martina wafungue muziki, Chacha na Martina walishwe keki. Mara za mwanzo walitazamana. Baadaye walikuwa wakiinuka tu na kupunga mkono.

"Tukisema majina yetu sasa," Magesa alimnong'oneza, "watatutoa nje tukidhaniwa wazamiaji."

Mageni alicheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Hali ya Mageni ilikuwa hivi. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa kujitolea katika sekondari moja ya Ngokolo, Shinyanga. Mwalimu akienda kujifungua, Mageni anashika vipindi vyake, mwingine akienda masomoni, Mageni, akiugua, Mageni. Wanafunzi walimpenda, mkuu wa shule alimsifu, na kila mwenye kipindi aliporudi, Mageni alikabidhi chaki. Alikuwa amevuka umri wa miaka thelathini katika kazi hiyo ya kuketi kwenye viti vya wengine, na uchovu wake haukuwa wa mwili peke yake.

Magesa naye aliendesha yale malori makubwa ya mawe mgodini, lakini hakuwa na lori lake. Alikuwa wa kupokea. Dereva akienda kula, Magesa hupanda kiti kikiwa bado na joto la mwenzake. Huyu akirudi, anashuka na kumfuata mwingine. Hata kwenye timu yao ya mpira aliingizwa pale tu mtu alipochechemea.

Sasa, msimamizi wa ndoa kazi yake haiishii kwenye keki. Wanandoa wakikorofishana, wasimamizi ndio huitwa kwanza, kabla ya wazazi, kabla ya mchungaji. Luka na Loveness walikuwa wepesi wa kununiana. Hawakumaliza mwezi kabla Loveness hajapiga simu kwamba mama mkwe amekuja kutembea na hatembei kurudi. Mageni akapanda basi mpaka Kahama, akabadili gari hadi Geita, akamkuta Magesa ametoka zamu na vumbi bado nyusini. Wakaketi kwenye makochi ya Luka na Loveness, mtaani Kalangalala, na kuwashauri watu juu ya ndoa, wao ambao hawakuwahi hata kuchumbiwa. Mageni aliona haya. Lakini mama mkwe alisindikizwa kwa heshima, na Magesa akamsindikiza Mageni.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa televisheni. Kufikia hapo hawakuhitaji tena ugomvi. Siku za mapumziko ya Magesa walikutana Kahama, kila mtu akitoka upande wake, wakala kuku wa kuchoma katika kibanda ambacho kilitazamana na vilima vya Buzwagi, kisha kila mtu akapanda gari lake. Yaliyobaki waliyamalizia kwenye simu.

"Leo umewafundisha nini, mwalimu wangu?" Magesa alimwuliza mchana mmoja. Nyuma yake injini zilinguruma.

"Milinganyo. Unaitoa x, mahali pake unaweka thamani yake."

"Na x haikasiriki?"

"Ikasirike kwa nini, mpenzi? Yenyewe ilikuwa inashika nafasi tu. Thamani ikijulikana, x haina kazi tena."

"Maskini. Mwambie pole, mwambie inatoka kwa ndugu yake mgodini."

Mageni alicheka, akamwambia asichelewe kula. Alimpenda. Alikuwa amekwisha kujiambia neno hilo waziwazi, jikoni kwao, akipepeta mchele, na liliogofya kidogo.

Ugomvi wa tatu wa Luka na Loveness uliisha haraka, hata kabla Magesa hajatoka kazini. Wakanywa chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa iliyoletwa na Mageni, na katika kupiga soga Loveness akasema Martina amerudi. Kazi ya Dodoma haikuwa kama alivyoahidiwa, na sasa amepanga chumba hapo hapo Kalangalala.

"Magesa atalala na tabasamu," Luka akadakia. "Unadhani alikubali kusimama kwa ajili yangu? Aliposikia matroni ni Martina, ndipo akakubali. Alimwandama binti yule miaka."

Loveness alimkanyaga mguu chini ya meza. Mageni alimaliza chai yake, akasifu kikombe, akaaga.

Magesa alimkuta stendi, anahema, shati limechomekwa upande mmoja.

"Ulikubali kusimama kwa sababu ya Martina?" Mageni alimwuliza.

Magesa angeweza kudanganya, na pengine jioni ile ingekwenda vizuri zaidi. "Ndiyo," alisema.

"Na sasa amerudi."

"Amerudi, nimesikia. Lakini Mageni, nisikilize."

"Gari linaondoka," alimjibu, na kweli lilikuwa linaondoka. Njia nzima aliegemeza kichwa kwenye kioo, na machozi yakawa yanatoka yenyewe, bila kelele.

Juma hilo hilo shuleni akaletwa mwalimu wa hisabati wa ajira ya kudumu, kijana mpole wa Tabora aliyemshukuru mara nyingi kupita kiasi. Mageni akamwonyesha madarasa, akamkabidhi chaki, akaenda nyumbani kwa miguu. Alijua sheria ya mambo haya kuliko mtu yeyote: mwenye nafasi akifika, aliyeishika huondoka. Hakuona kwa nini mapenzi yawe na sheria nyingine. Afadhali atoke mwenyewe, akiwa bado na heshima yake, kuliko kungoja aombwe kupisha.

Kwa hiyo simu ya Magesa ilipolia, hakupokea. Ikalia tena, hakupokea. Magesa akafanya kama wafanyavyo watu wote walioshindwa: akatuma watu. Loveness akapiga, akisema Magesa hali chakula. Luka akapiga kuomba radhi, akaharibu zaidi kwa kueleza Martina alivyokuwa mrembo enzi zile. Hata Chacha, ambaye Mageni hakuwahi kumwona, alipiga akamwita shemeji na kusema kwamba kosa ni lake, kwani angekuwepo kwenye harusi yasingetokea haya yote. Mageni alikata simu, akakaa kitandani, akitafakari kwamba mapenzi yake yote yalitegemea ratiba ya likizo ya mgodi.

Loveness alipopiga mara nyingine, Mageni alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha.

"Mwambie asinitumie mtu mwingine. Kila mtu anamsemea Magesa isipokuwa Magesa."

"Lakini wewe hupokei simu yake."

"Najua," Mageni alisema. "Nimechoka tu, Love. Nimechoka sana."

Jumapili iliyofuata alikuwa jikoni uani akichambua dagaa. Dirisha la jikoni lilielekea baraza la nyuma, ambapo baba yake, Mzee Wiliam, mstaafu wa reli, alikuwa ameketi na dada yake, shangazi Lusia. Mlango wa uani uligongwa. Kidole cha Mageni kikasimama ndani ya ungo aliposikia sauti iliyopiga hodi.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibu kiti, kijana."

Magesa aliketi. Alivaa shati la samawati lililomkaa sawasawa mabegani na viatu vyenye vumbi la magari mawili. Walijuliana hali, wakaulizana habari za mvua, za pamba, za Geita. Kisha Magesa akasema amekuja kwa ajili ya binti wa nyumba hii, Mageni, kwamba anaposwa.

Mzee Wiliam akajiweka vizuri kitini. Alikuwa amekwisha kupokea washenga wa binti zake wengine na utaratibu aliujua. "Tumekusikia, mshenga," alisema. "Huyo aliyekutuma ni mtoto wa nani?"

"Hakuna aliyenituma, baba. Mwoaji ni mimi."

Shangazi Lusia aliziba mdomo kwa khanga, na mabega yake yakaanza kucheka.

"Mtu hajiposi mwenyewe," mzee alisema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Huna baba? Huna mjomba? Mshenga hutumwa kwa sababu. Akikataliwa, aibu inaishia kwake, haikufikii wewe."

"Wazee ninao, baba, na mkiridhia watakuja kwa taratibu zote. Lakini nimekwisha kutuma watu wengi kwa Mageni, nao wamezidi kuniharibia. Leo nimeona alisikie kinywani mwangu." Magesa aligeuza uso kidogo upande wa jikoni na kupandisha sauti. "Ni kweli siku ya harusi ile nilikwenda nikimtarajia mwingine. Sikatai. Huyo mwingine sasa amerudi, anakaa Kalangalala, kutoka kwangu ni kuvuka barabara. Wiki iliyopita tulisalimiana sokoni. Ningekuwa namtaka, ningekuwa huko saa hizi. Nimepita mlango wake nikapanda gari kuja Ngokolo. Mageni, mimi sikukuchukua kwa kuwa yeye hakuwepo. Yupo, na ninakutaka wewe."

Jikoni dagaa walikuwa wamemwagika na Mageni hakujua walimwagika saa ngapi. Aliyasikia maneno yote, na lililomwingia zaidi ni lile dogo: yupo. Hakuna aliyeondoka ili yeye aitwe. Mwenye nafasi alikuwa ameketi palepale, na bado mtu huyu alikuwa amepanda magari mawili.

Mzee Wiliam alikohoa. "Lusia," alimwambia dada yake, "nenda ukamwulize mtoto kama anamfahamu mtu huyu, utuletee jibu." Ndivyo ilivyo, binti hajibu posa, hujibiwa na shangazi.

Shangazi Lusia aliinuka akishikilia kiuno. Hakuwa amefika mlangoni wakati Mageni alipotokea, mikono ina magamba ya dagaa, kitambaa kimelegea kichwani. Akampita shangazi, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe. Shangazi asihangaike kunisemea. Namfahamu, na nimemkubali."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akatazama ukuta. "Basi wote wawili hamna adabu," alisema hatimaye. "Lusia, mpeni mtu maji anawe. Wazee wake waje kabla ya mavuno."

"Wabeja, baba," Magesa alishukuru kwa Kisukuma.

Jua lilipopungua makali Mageni alimsindikiza kwenda kupanda gari. Walitembea polepole, kwa kuwa wote walikuwa wamechoka, yeye kwa kulia na Magesa kwa zamu ya usiku aliyotoka nayo moja kwa moja. Harufu ya dagaa haikumtoka mikononi, akawa anaificha ndani ya khanga.

"Ulithubutu vipi?" alimwuliza. "Baba angekufukuza, ungefanya nini?"

Magesa alimgeukia.

"Ningekuwa nimefukuzwa mimi mwenyewe, si mshenga," alisema.

Mageni aliutoa mkono wake ndani ya khanga, na harufu yake ya dagaa, akampa aushike.