Heshima ya Macho

Kila asubuhi Bi Mwanarusi humwamsha binti yake Twaiba kwa kumtikisa mguu. Kumwita hakufai tena. Homa ya uti wa mgongo iliyompata mwaka juzi ilimwacha hai, ila iliondoka na usikivu wake.

Twaiba alikuwa akiamka amechoka na kulala amechoka. Katika shule yake ya zamani hapa Msambweni, alishinda kutwa akiifuata midomo ya watu na kubahatisha maneno. Mwalimu akigeukia ubao, kwake somo limekwisha. Jioni kichwa kilimgonga, na wenzake walimwita Kizibo.

Ndipo akahamishiwa kitengo cha wanafunzi viziwi katika shule nyingine.

"Na huko nikishindwa, mama, nitakaa nyumbani nikusaidie kukaanga viazi," alisema siku ya kwanza walipokuwa wakitoka. "Shule ya tatu siiwezi."

Mama alijua kwamba mtoto hatanii.

Mwalimu wa darasa, Roselyne, alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na alifundisha kwa lugha ya ishara. Alipofika kwenye dawati la Twaiba na kuanza kumsemesha kwa mikono, Twaiba aliinamisha macho, kama alivyolelewa afanye mbele ya mkubwa. Mwalimu akamgusa bega. Twaiba aliinua macho kidogo, akayashusha tena. Mwalimu alijaribu mara nyingine, kisha akaiteremsha mikono yake na kwenda kwa mwanafunzi mwingine.

Mvulana wa nyuma, Griffin, akapiga sakafu kwa mguu hadi Twaiba akauhisi mtetemo na kugeuka. Griffin alichezesha vidole kama wadudu wanaotambaa, akaonyesha sakafuni, akakunja uso kama anayeuliza: umeona sisimizi wangapi huko chini? Darasa zima lilicheka. Twaiba akalaza kichwa juu ya dawati. Hata hapa, aliwaza.

Bi Mwanarusi alipokuja kumchukua, Mwalimu Roselyne alimzuia. Mwalimu Tsuma, anayesikia, akawa mkalimani wao.

"Shikamoo, mama. Mwalimu asema binti yako hataki kufundishwa. Kila akimsemesha, anamwondolea macho."

"Marahaba. Hataki?" Bi Mwanarusi alishangaa. "Mwanangu hana kiburi, mwalimu. Kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mzima. Angemkodolea, ningemkanya mimi mwenyewe."

Tsuma alipomaliza kufasiri, Mwalimu Roselyne alijishika kichwa. Akachukua chaki, akamwandikia Twaiba ubaoni: "Kwetu sisi viziwi, ukimwondolea mtu macho, umemnyamazisha. Nilidhani umenifukuza."

Twaiba alisoma polepole. Kisha naye akaomba chaki, akaandika chini yake: "Mimi nilidhani ninakuheshimu."

Mwalimu alisimama akiyatazama maneno hayo. Akaandika tena: "Nami nilikosea. Ningeuliza kwanza. Heshima ni kumpa mwenzako nafasi ya kueleweka. Nyumbani, unainamisha macho. Hapa, unayainua. Zote mbili ni heshima, nawe sasa unazo zote."

Twaiba alimgeukia mama yake, kwani kumtazama mwalimu usoni mbele ya mama lilikuwa jambo zito. Bi Mwanarusi alisomewa na Tsuma maandishi ya ubaoni. Kisha akamshika binti yake kidevu na kukiinua taratibu.

"Mtazame, mwanangu," alisema, akiyatamka maneno wazi ili midomo yake isomeke. "Nimekuruhusu."

Mwalimu Roselyne aliweka chaki chini. Akafanya ishara moja tu, mojawapo ya zile chache ambazo Twaiba alikuwa ameziokota darasani siku hiyo: kesho?

Macho ya Twaiba yalikuwa mekundu kwa uchovu. Yalitaka kushuka, naye akayazuia. Akainua mkono, akairudisha ishara ileile, bila swali ndani yake.

Kesho.